UZI: Rilei ya taima inalia "trrrr" kabla ya kushika. Dawa ni histeresisi, ila angalia unaiweka mguu gani

#1 FundiMpakani (Busia)

Habari zenu mafundi. Niko Busia, upande wa Uganda. Natengeneza redio, inverta na vifaa vya umeme vya nyumbani. Nimeleta uzi huu kwa sababu ya rilei moja (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) iliyoninyima usingizi wiki mbili, na pia kwa sababu mchoro wenye kasoro hiyohiyo naona unazunguka kwenye simu za mafundi wengi.

Mama mmoja jirani yangu hununua sangara Majanji na kuwahifadhi kwenye friza kabla ya kuwauza. Umeme wetu mnaujua, unakata, unarudi, unakata tena hata hujaketi. Friza ikizimwa na kuwashwa papo hapo, gesi ndani ya mabomba bado ina shinikizo kubwa upande mmoja. Mota ya kompresa inajaribu kuzunguka, inakwama, inavuta ampea nyingi na kupata moto. Kompresa yake ya kwanza ilikufa hivyo. Akaniomba kifaa cha kuisubirisha friza dakika nne au tano kila umeme unaporudi.

Nikaunda hivi. Transfoma ya volti 9, daraja la dayodi, kapasita ya 470µF, napata kama volti 12 za DC. Rezista ya 220k inajaza kapasita ya 1000µF polepole. Chipu ni LM393, komparata, yaani inalinganisha volti za miguu miwili: mguu wa 3 unaangalia kapasita, mguu wa 2 unaangalia kigezo (volti ya kulinganishia) kinachotoka kwenye rezista mbili, 10k juu na 22k chini, yaani volti 8.25. Kapasita ikipita kigezo, mguu wa 1 unaachia, transista BC547 inawaka, rilei inashika.

Muda ulikuwa sawa, dakika nne na sekunde 16 hivi. Lakini ilipofika saa ya kushika, rilei haikusema "tak" mara moja. Ililia trrrrrr kwa sekunde nane nzima, na mlipuko mdogo wa buluu nikauona kwa macho kati ya visahani vyake. Kifaa nilichotengeneza kuilinda kompresa kilikuwa kinaiwasha na kuizima mara kadhaa kwa sekunde. Nilichomoa waya haraka na sikumpelekea yule mama.

Nilibadilisha rilei, nikabadilisha transista, nikabadilisha chipu. Sauti ileile. Mwishowe nikakaa na kalamu.

Kapasita ikifika karibu na 8.25, inapanda polepole mno. Volti zilizobaki ni 3.75, ukigawanya kwa sekunde 220 (hiyo ni 220k mara 1000µF) unapata milivolti 17 kwa sekunde. Konokono. Upande wa pili, kigezo changu hakikuwa kimetulia: umeme wa 50 Hz ukipita kwenye daraja unaacha mawimbi madogo mara 100 kwa sekunde. Saketi ikivuta miliampea 10, kapasita ya 470µF inaacha wimbi la kama volti 0.2, na kwenye kigezo linakuwa milivolti 140 hivi. Konokono wa milivolti 17 kwa sekunde anahitaji zaidi ya sekunde nane kuvuka wimbi la milivolti 140. Ndizo sekunde zangu nane. Muda wote huo chipu inaona "juu, chini, juu, chini", nayo ina kasi ya maikrosekunde moja na ushei, kwa hiyo inatii kila wimbi.

Mlango usio na komeo hupigwapigwa na upepo. Upepo ukipungua utapigwa kidogo, lakini utapigwa. Histeresisi ndiyo komeo: ukishafunga, upepo uleule uliosaidia kuufunga hauwezi tena kuufungua. Kwenye saketi maana yake ni vigezo viwili badala ya kimoja, cha juu cha kushika na cha chini cha kuachia, na pengo kati yake liwe pana kuliko kelele.

Nimeshaipata saketi inayofanya kazi, nitaiweka hapa. Kwanza nataka kusikia wenzangu mmelitatua vipi.

#2 Lehemu_Arua

Pole na kazi fundi. Kwa maoni yangu tatizo lako ni pawa saplai, si komparata. Weka 7812, ile chipu ya kutuliza umeme kwenye volti 12, tumia transfoma ya volti 12, mawimbi yataisha na rilei itatulia. Huku Arua nimefanya hivyo mara nyingi. Histeresisi ni kuongeza rezista na hesabu bila sababu.

#3 FundiMpakani

Asante kaka. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yangu ya kwanza, na mchana ilitulia kabisa. Nikafurahi. Saa mbili usiku, watu wote wamewasha taa na pasi, nikaijaribu tena. Trrrrr.

Nikapima ukutani: 190 badala ya 240. Sasa tufuate hesabu pamoja. Transfoma ya 12 kwa umeme wa 190 inatoa volti 9.5. Kilele chake ni 13.4, daraja linakula 1.4, unabaki na 12. Na 7812 inahitaji ipate volti kama 14 ili itoe 12 safi. Ikikosa hizo haidhibiti tena chochote, inakuwa kama kipande cha waya kinachopunguza volti mbili, na mawimbi yanapita moja kwa moja. Saa ileile umeme ni mbaya, ndiyo saa friza inahitaji ulinzi, na ndiyo saa 7812 imeshindwa.

Nimeiacha 7812 ndani, ni kitu kizuri, na kapasita ya kwanza nimepandisha hadi 1000µF. Lakini hata ukipata umeme safi kama wa betri, kwa mwendo wa milivolti 17 kwa sekunde, kelele ya milivolti 5 tu iliyookotwa na waya inatosha kuichanganya komparata kwa karibu theluthi moja ya sekunde. Rilei ndogo hubadilika kwa milisekunde kama 10. Ina nafasi ya kugonga mara nyingi sana humo.

#4 KijanaKatwe

Weebale fundi kwa uzi huu, umenigusa. Mimi niko Katwe, najifunza kwa mzee mmoja wa hapa. Nilisoma kwamba histeresisi ni rezista moja tu, kutoka mguu wa kutoa kurudi mguu wa chanya. Mchoro wangu ni kama wako, kapasita iko mguu wa 3. Nikaweka 1M kutoka mguu wa 1 kwenda mguu wa 3. Muda ukarefuka zaidi ya dakika moja na rilei bado inatetemeka, tena nadhani kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Nikaweka 470k nikidhani nguvu itaongezeka. Sasa rilei haishiki kabisa, nimesubiri nusu saa. Nimekosea wapi?

#5 FundiMpakani

Kijana wangu, hukukosea kusoma. Umefika palepale nilipotaka uzi huu ufike, kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo.

Rezista ya kurudisha inafanya kazi kwa kuurusha mguu wa chanya: chipu ikibadilika, mguu huo uruke papo hapo upande unaothibitisha uamuzi. Wewe mguu wako wa chanya umefungwa kwenye kapasita ya 1000µF. Kapasita haikubali kurushwa. Ukiipa mkondo wa ziada wa maikroampea 12 kupitia ile 1M, itapanda milivolti 12 kwa sekunde. Huko si kuruka, ni konokono wa pili. Komeo lako limetengenezwa kwa raba.

Ubaya wa pili: kabla ya muda kutimia, mguu wa 1 uko chini, sifuri. Kwa hiyo 1M yako inainyonya kapasita wakati 220k inaijaza. Badala ya kulenga volti 12, sasa inalenga 9.8. Inafika 8.25 ikiwa imechoka, kwa mwendo wa milivolti 9 kwa sekunde, nusu ya mwanzo. Ndiyo maana muda umetoka sekunde 256 hadi kama 328, na mtetemeko umerefuka. Ulipoweka 470k, kapasita inalenga 8.17. Kigezo ni 8.25. Ungesubiri hadi kesho isingefika.

Dawa ni kubadilishana miguu. Kapasita iende mguu wa 2, kigezo kiende mguu wa 3, halafu rezista ya kurudisha itoke mguu wa 1 kwenda mguu wa 3. Sasa kinachorushwa ni kigezo, ambacho ni rezista tupu, kinaruka bila kuchelewa. Kapasita tumeiacha ifanye kazi yake moja ya kuhesabu muda.

Nimetumia 10k juu, 22k chini kama zamani, na 100k ya kurudisha. Mguu wa 1 una rezista ya 4.7k kwenda +12, kwa sababu LM393 inajua kuvuta chini tu, haisukumi juu. Ukiisahau hiyo, komeo litapungua. Vigezo vinakuwa hivi: kabla ya kushika, volti 8.48, baada ya kushika, 7.72. Pengo ni volti 0.76. Rilei ikishashika, mkondo unaongezeka hadi miliampea 40 hivi na mawimbi yanakua, kwa hiyo usichague pengo kwa kupima saketi ikiwa rilei imelala. Kwa kapasita ya zamani ya 470µF, wimbi kwenye kigezo lingefika volti 0.55 rilei ikiwa imeshika. Pengo langu linalimeza.

Kumbuka sasa mambo yamegeuka: kapasita ikipita kigezo, mguu wa 1 unashuka. BC547 haifai hapo tena. Nimetumia transista ya PNP, BC327: emita kwenye +12, kolekta kwenye koili ya rilei, upande wa pili wa koili kwenye hasi. Beisi inaenda mguu wa 1 kupitia 4.7k, na 10k kati ya beisi na emita ili ilale vizuri. Dayodi 1N4007 kinyume juu ya koili, usiiache. Ukijumlisha, chipu inavuta karibu miliampea 5, na LM393 imeahidiwa angalau 6. Usipunguze hizo 4.7k.

Muda nao umesogea kidogo kwa sababu kigezo cha juu sasa ni 8.48. Kanuni ni t = RC × ln(12 ÷ (12 − V)), R ni rezista ya 220k, C ni kapasita ya 1000µF, V ni kigezo cha juu. Inakupa sekunde 270, dakika nne na nusu.

#6 MwalimuJinja

Nimefurahi kuona vijana wakijadili hili kwa Kiswahili. Naongeza mawili.

Saketi hii ina baba. Mmarekani Otto Schmitt aliibuni mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi, akitumia valvu za kioo kwa sababu transista hazikuwepo. Alikuwa anachunguza jinsi mishipa ya fahamu ya ngisi inavyopitisha ishara: mshipa haujibu nusunusu, ukifika kiwango unalipuka wote. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1938. Mpaka leo saketi ya vigezo viwili inaitwa kwa jina lake, kichochezi cha Schmitt.

La pili, kwa anayetaka kuchagua pengo lake mwenyewe: chukua rezista mbili za kigezo kana kwamba ziko sambamba. Kwa fundi wetu, 10k na 22k sambamba ni kama 6.9k. Pengo ni volti 12 mara 6.9, gawanya kwa jumla ya 6.9 na rezista ya kurudisha. Kwa 100k unapata karibu robo tatu ya volti. Ukitaka nusu yake, weka 220k. Usiende kupita kiasi, kwa sababu kila unapopanua pengo kigezo cha juu kinasogelea volti 10, na LM393 haioni vizuri ikibaki chini ya volti moja na nusu hadi mbili kutoka umeme wake.

#7 Lehemu_Arua

Nimekubali hoja ya umeme wa jioni, fundi. Huku kwetu hali ni mbaya zaidi ya 190 siku nyingine. Lakini kwa nini usitumie tu 555, ile chipu ya taima? Haina mtetemeko, nimeitumia miaka.

#8 FundiMpakani

Kweli kabisa kaka, na kama unataka taima peke yake, 555 ni jibu zuri. Ndani yake kuna komparata mbili, moja kwenye theluthi moja ya umeme na nyingine kwenye theluthi mbili, na katikati yao kuna kumbukumbu ndogo inayoshikilia uamuzi. Ikishabadilika, mawimbi kwenye kigezo kilekile hayairudishi nyuma. Kwa maneno mengine, aliyeiunda aliweka komeo ndani.

Mimi nimebaki na LM393 kwa sababu ina komparata ya pili, miguu ya 5, 6 na 7. Nimeipa kazi ya kulinda friza umeme ukishuka sana: chini ya 180 inazima, na haiwashi mpaka urudi 200. Hapo nako histeresisi ni lazima. Kompresa ikianza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa, umeme wa nyumba unashuka kwa muda mfupi. Ukiwa na kigezo kimoja cha 180, kompresa inajizima yenyewe kwa kuwaka kwake, umeme unapanda, inawaka tena. Ni ugonjwa uleule. Asiyetumia komparata ya pili, afunge miguu ya 5 na 6 kwenye hasi, isiachwe ikining'inia.

#9 DadaBarafu (Mukono)

Samahani mafundi, mimi si fundi, nauza barafu na juisi. Nauliza tu: kwangu umeme haukati kwa dakika, unapepesa. Taa inazima nusu sekunde na kurudi. Hicho kifaa kitaisaidia friji yangu?

#10 FundiMpakani

Dada, asante sana kwa swali hili. Lilinirudisha mezani jana, kwa sababu kifaa changu cha kwanza kisingekusaidia.

Umeme ukipepesa, kapasita za ndani bado zina akiba. Rilei ya volti 12 ikishashika haiachii mpaka volti zishuke sana, na koili ya ohmu 400 ikilishwa na akiba ya kapasita inaweza kukaa imeshika hata sekunde moja. Kompresa yako ingekatika nusu sekunde na kurudishwa ikiwa na shinikizo lake lote.

Mafundi, nimefanya hivi. Dayodi mbili za ziada kutoka kwenye transfoma zinalisha kapasita ndogo ya 10µF yenye rezista ya 4.7k juu yake. Hiyo inajua umeme umekatika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, haingoji akiba kubwa. Inashikilia beisi ya BC327 nyingine: kolekta kwenye hasi, emita kwenye kapasita ya muda kupitia rezista ya ohmu 47 na dayodi 1N4148. Umeme ukikatika, beisi inaanguka, transista inaimwaga ile 1000µF, na mara tu ikishuka chini ya 7.72 rilei inaachia. Kuhesabu kunaanza upya. Dayodi ile kwenye emita usiidharau: mwanzoni kapasita iko sifuri na beisi iko juu, na kiungo cha beisi na emita hakivumilii kinyume zaidi ya volti 5 hivi.

Nimeijaribu kwa kuchomoa na kuchomeka plagi haraka nilivyoweza. Rilei inaachia kila mara. Kwa hiyo ndiyo dada, hiki cha sasa kitakufaa.

#11 KijanaKatwe

Fundi, nimebadilishana miguu usiku huu. Tak. Mara moja tu. Nimemwita mzee aje asikie, nikairudia mara sita mbele yake.

Vigezo nimepima 8.5 na 7.7. Ila muda wangu ni dakika 5 na sekunde 10 badala ya nne na nusu. Na kapasita ya zamani niliyotoa kwenye redio mbovu ilikataa kabisa, ikasimama kwenye volti 7 na pointi.

#12 FundiMpakani

Hongera sana kijana. Dakika tano na kumi ni kawaida: kapasita iliyoandikwa 1000µF inaruhusiwa kuwa na asilimia 20 juu au chini. Punguza 220k iwe 180k ukitaka kurudi karibu na nne na nusu, ingawa kwa kompresa kuchelewa zaidi hakudhuru.

Ile ya redio inavuja. Karibu na kigezo, 220k inapitisha maikroampea 16 tu. Kapasita ikivujisha hizo 16, kinachoingia ni sawa na kinachotoka, haipandi tena. Kapasita za muda nunua mpya, za volti 25. Na unapoipima tumia mita ya tarakimu. Ile ya mshale, kwenye skeli ya volti 10, nyingi ni kama rezista ya 200k: utaifunga kwenye kapasita, itashuka, halafu utalaumu saketi.

Kuhusu visahani vya rilei: zile ndogo za buluu zimeandikwa ampea 10, lakini hiyo si kwa mota inayoanza. Friza kubwa mpe rilei ya ampea 30 au kontakta, na kapasita ya 0.1µF ya daraja la X2 pamoja na ohmu 100 kuvuka visahani. Upande wa 240 uwe kwenye bodi yake, mbali na hizi nyaya nyembamba.

Kesho asubuhi nampelekea yule mama cha kwake. Friza imejaa tangu juzi.